Saa Nane za Raha

Mimi ni mtunza stoo wa hoteli moja huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, lakini nyumba yangu iko Jang'ombe, mjini, na kati ya pahala hapo pawili kuna daladala ya namba 116, ambayo haiondoki mpaka ijae, na ikishajaa husimama Mahonda kupakia magunia ya muhogo. Huamka saa 10 za alfajiri, huingia kazini saa 1, hutoka saa 12 jioni, na nyumbani hufika saa 2 za usiku watoto wameshalala. Mdogo wao aliambiwa skuli amchore baba yake, akanichora nimelala na viatu miguuni. Nilitaka kukasirika, ila viatu alivipatia sawasawa, hata kamba iliyokatika.

Kwa siku 6 hiyo ni saa 66 za kazi na 24 za gari, jumla 90. Alhamisi iliyopita mgeni mmoja wa Ufaransa, aliyekuja stoo kuomba taulo, alinihadithia kwamba sheria yao imeweka wiki ya kazi kuwa saa 35 tangu mwaka 2000, na kwamba yeye anazihisi ni nyingi. Kwa huruma nikampa mataulo mawili.

Ijumaa, siku yangu pekee ya kupumua, mpwa wangu anayesoma chuo kikuu akaja kunitonesha kidonda. Alisema mwaka 1930 mchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, alitabiri kuwa baada ya miaka 100 watu watafanya kazi saa 15 kwa wiki. Miaka hiyo inakaribia kutimia, na mimi, ninayeanza wiki Jumamosi, saa 15 zangu humalizika Jumapili saa 5 asubuhi, chai sijanywa. Akaongeza kwamba utafiti uliotolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2019 uligundua kuwa kwa wanaume saa 8 tu za kazi ya malipo kwa wiki, yaani siku moja, zinatosha kuinua kuridhika na maisha.

"Na wanawake?" akauliza mke wangu, aliyekuwa akisukuma chapati za kuuza.

Mpwa akajikuna kichwa, akasema wanawake hawakuonesha kuridhika kwa namna hiyo mpaka walipofikia saa 20. Mke wangu akahesabu kwa vidole vyenye unga. "Zangu humalizika Jumatatu," alisema, "na za jikoni sijazitia." Niliona ni heri nitoke nikanywe kahawa.

Barzani, jirani yangu ambaye kazi ilimtoka mwaka jana alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: "Sheikh wangu, mimi saa ninazo zote 24, njoo uchague." Nilinyamaza, kwa sababu utafiti ule ule ulisema wasio na kazi kabisa ndio wenye hali mbaya ya akili, na kahawa aliyokuwa akinywa nimelipa mimi.

Hata hivyo Jumamosi nilimkabili meneja na kumweleza kwa adabu habari ya saa 8. Alinisikiliza vizuri, akachukua kikokotoo, akabonyeza, akanigeuzia nione mshahara wa siku moja. Nikamwuliza iwapo zile saa 24 za garini haziwezi kutiwa humo humo.

"Bwana Stoo," alisema, "kwanza nieleze kuhusu taulo moja la Alhamisi lisiloonekana daftarini."