Rubani Msaidizi Asiongee kwa Mafumbo

Jioni ya tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines aina ya DC-8 ilikuwa ikijiandaa kutua Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, ikiwa na watu 189. Magurudumu yaliposhushwa kilisikika kishindo, na taa ya kuthibitisha kwamba yamekaa sawa haikuwaka. Kepteni akaamua wazunguke kwanza angani wachunguze. Uamuzi huo peke yake haukuwa mbaya. Lakini walizunguka karibu saa nzima, akili yote ya kepteni ikiwa kwenye magurudumu na kwenye kuwaandaa abiria kwa dharura, huku mafuta yakiisha.

Rubani msaidizi na mhandisi wa ndege waliona mafuta yanavyopungua, na walisema. Ila walisema kwa kuzungukazunguka: wakataja kiasi kilichobaki, wakadokeza kwamba muda si mwingi. Hakuna aliyemkabili mkubwa wao na kumwambia waziwazi kwamba wasipotua sasa ndege itaanguka. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, ndege ikaangukia kitongoji chenye miti, kilomita kama 10 kabla ya uwanja. Watu 10 walikufa, na mhandisi yule alikuwa mmoja wao.

Kila ajali ya ndege inapotokea sisi huwahi kusema "uzembe wa rubani", na neno hilo hunikera. Kepteni wa Portland alikuwa amerusha ndege kwa zaidi ya saa 27,000. Hakuwa mzembe, alikuwa amezidiwa. Anayekaribia kutua huangalia mwendo, kimo na upepo, hushusha magurudumu na flapi, yaani vipande vya nyuma ya mabawa, hujibu mnara wa kuongozea ndege, husoma orodha ya ukaguzi, na yote hayo ndani ya dakika chache ambazo hazimsubiri. Likiongezeka hitilafu moja juu ya hapo, masikio huanza kufunga. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, waliwahi kuwapima marubani kwenye mtambo wa kuigizia urukaji, na wapo ambao kengele ya magurudumu ililia wasiisikie kabisa. Kama kengele haisikiki, dokezo la kinyenyekevu litasikika vipi?

Kwa hiyo naona mzigo mkubwa wa mawasiliano wakati wa kutua uko kwa yule wa pili, asiyeshika usukani. Yeye ndiye mwenye nafasi ya kuona picha nzima, na ndiye anayepaswa kusema kwa maneno mafupi, makavu, yasiyoweza kueleweka vibaya. Na hapo ndipo malezi yetu yanaponitia wasiwasi. Huku kwetu kijana aliyefunzwa vizuri hamkosoi mkubwa mbele ya watu. Humtumia mtu, au husema kwa mafumbo ili mkubwa ajigundue mwenyewe. Ni adabu nzuri sana barazani. Futi 800 juu ya ardhi inaua.

Si tatizo letu peke yetu. Tarehe 6 Agosti 1997, ndege ya Korean Air aina ya Boeing 747 iligonga kilima katika kisiwa cha Guam usiku, ikija kutua katika mvua. Kati ya watu 254 walikufa 228. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walimlaumu kepteni kwa jinsi alivyoiongoza ndege ikikaribia uwanja, wakataja pia uchovu wake. Lakini hawakuishia kwake: waliandika kwamba rubani msaidizi na mhandisi walishindwa kumfuatilia na kumhoji ipasavyo. Pendekezo la kughairi kutua lilikuja wakati zimebaki sekunde chache tu.

Baada ya Portland, NTSB ilipendekeza marubani wafundishwe kufanya kazi kama timu: mkubwa ajifunze kusikiliza, mdogo ajifunze kusema kwa msimamo. United ikaanzisha mafunzo ya namna hiyo mwaka 1981, na leo yapo katika mashirika ya ndege dunia nzima. Mashirika mengi yana hata kanuni kwamba kepteni akiitwa mara mbili kuhusu hatari asijibu, msaidizi achukue usukani. Kanuni nzuri. Lakini sisi Waswahili tulishasema mkubwa ni jaa, yaani hutupiwa kila kitu naye akapokea. Ningependa kepteni ayaseme hayo kwa mdomo wake kabla ya safari: ukiona kitu, niambie hata kama utakuwa umekosea, sitanuna.

Maana woga huu una matokeo yanayohesabika. Kanuni iliyozoeleka inataka ndege iwe imetulia inapofika futi 1,000 juu ya uwanja, au 500 hali ya hewa ikiwa nzuri na kunaonekana vizuri: mwendo sawa, magurudumu chini, mteremko wa kawaida. La sivyo, ipae tena. Ripoti ya mwaka 2017 ya Flight Safety Foundation, taasisi ya kimataifa ya usalama wa ndege, ilionyesha kwamba kati ya ndege zinazofika hapo zikiwa hazijatulia, zinazopaa tena ni kama asilimia 3 tu. Zilizobaki zinaendelea kutua. Nyingi hufika salama, na usalama huo ndio unaowafundisha marubani kwamba kanuni si lazima.

Na sisi abiria tunachangia. Ndege ikipaa tena tunaguna, tunalalamika kuhusu mikutano tuliyochelewa, wengine wanaandika mtandaoni kwamba rubani hajui kazi. Mimi rubani wa aina hiyo namshukuru.

Mashirika yetu ya Afrika Mashariki nayataka mambo mawili. La kwanza, atakayeghairi kutua asiitwe ofisini kueleza mafuta yaliyotumika. La pili ni gumu zaidi: msaidizi anayesubiri kupandishwa cheo asitegemee maoni ya kepteni yuleyule ambaye yeye msaidizi alimkatiza njiani. Shirika lenye nia linaweza kuweka kwa maandishi kwamba ripoti ya kepteni haihesabiwi kwa safari ambayo msaidizi wake alisema "tupae tena".