Mkia wa panya hautaki jangwa

Wauza mimea wa mtandaoni wana maneno wanayoyabandika kwenye kila kitu chenye miiba: "Haisumbui, mwagia mara moja kwa mwezi, weka juani." Kwa mpungate, sawa. Kwa kaktasi inayoitwa mkia wa panya, huo ni ushauri wa kuua. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba haifi haraka. Inasinyaa taratibu, inageuka kahawia, na aliyeinunua anabaki kujilaumu kwamba hana mkono wa mimea.

Ukitaka kuutunza mmea, ulizia kwao kwanza. Ukoo si hoja. Mkia wa panya, Aporocactus flagelliformis kwa jina la kitaalamu (wengine bado wanauweka kwenye jenasi nyingine ya kaktasi, Disocactus), asili yake ni misitu ya milimani ya mashariki mwa Meksiko, pande za Hidalgo, Puebla na Veracruz. Huko unyevunyevu wa Ghuba ya Meksiko hupanda milima ukawa ukungu, ukanasa kwenye miti na kudondoka matone. Pale tawi la mwaloni linapoachana na shina, majani makavu yakakusanyika na kuwa mboji, ndipo mkia wa panya unapotia mizizi. Mwingine hushika kwenye ufa wa mwamba. Mti haunyonywi hata kidogo, unabebeshwa tu. Kisha mashina yenye unene wa kidole yanaachiwa yaning'inie, hata kupita mita 1.

Ukiusogelea utaona mbavu ndogondogo na miiba mifupi ya hudhurungi, inayoonekana laini mpaka ing'ang'anie sweta yako. Maua hayasubiri ncha. Yanatoka ubavuni mwa mashina yaliyokwisha komaa, marefu sentimita 5 hadi 8, mekundu ya kuelekea zambarau. Ua lenyewe limekaa upande: bomba limepinda kidogo, petali za nje zimekunjukia nyuma, stameni, nyuzi zenye chavua, zimechomoza mbele kwa kundi. Mteja wake ni ndege mvumaji, yule mdogo wa Amerika anayenyonya nekta huku akielea hewani. Huku kwetu ndege aitwaye chozi hufanya kazi hiyohiyo kwenye mishubiri. Upo na ndugu yake wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, Aporocactus martianus, mwekundu zaidi, na mimi ningempa huyo taji, ila si rahisi kumpata.

Asiyeamini kwamba kaktasi inaweza kuwa kiumbe cha msituni atazame juu akiingia misitu yetu. Rhipsalis baccifera, kaktasi pekee inayohesabiwa kuwa ya asili nje ya Amerika, huning'inia mitini Kenya, Tanzania na Uganda. Haina miiba ya kuogopesha na maua yake ni vidoa vyeupe, ndiyo maana watu wanapita chini yake bila kujua wamepita chini ya nini.

Sasa nitasema jambo ambalo wenzangu wa pwani hawatalipenda: mkia wa panya si mmea wa Dar wala Mombasa. Utaota, ndiyo, na utarefuka. Lakini ili utoe machipukizi ya maua unahitaji majuma kadhaa ya ubaridi na maji kidogo, na usiku wa pwani hauna ubaridi wa kuupa. Utakaa na kamba za kijani miaka nenda rudi. Nunueni waridi la jangwani, linalopenda joto lenu na kulipa kwa maua. Mkia wa panya waachieni watu wa Lushoto, Njombe na Limuru, ambao Julai yao inawafanyia nusu ya kazi bure.

Na hao wa nyanda za juu nao waache mchanga mtupu. Changanya mboji, makumbi ya nazi, kokoto na vipande vya mkaa, kwenye chungu cha kuning'inia chenye matundu ya uhakika. Upe jua la asubuhi, uufiche na la saa sita. Wakati wa kukua, mwagia kila udongo wa juu unapokauka. Baridi ikiingia, punguza. Mashina yaliyozeeka na kuwa kahawia kata kabisa, mapya yapate nafasi. Ukiona vidoa vya manjano na utando mwembamba, huo ni utitiri mwekundu, unaoupenda mmea huu kupita kiasi hewa ikiwa kavu.

Kuhusu kununua, nina msimamo mkali. Misitu ya ukungu ya Meksiko haifiki asilimia 1 ya nchi ile, na inaendelea kukatwa kwa ajili ya mashamba na malisho. Mmea huu umo kwenye vyungu vya Ulaya tangu kabla Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, hajaupa jina la kitaalamu mwaka 1753, na kuuzalisha ni kazi ya mtoto: kipande cha sentimita 15, kiache kivulini siku chache kidonda kikauke, kichomeke kwenye mboji nyepesi. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu yeyote kubandua mmea porini, wala ya wewe kulipa bei ya ajabu kwa kitu kilichofika bila maelezo. Muulize muuzaji mmea mama uko wapi. Akianza kuzungukazunguka, omba kipande kwa jirani.