Filamu isiyo na picha, sauti tupu: ni sinema au ni redio iliyozimiwa taa?

Kuna hoja inarudi kila mara watu wakiongelea zile filamu za majaribio zinazobebwa na sauti ya mtu, yani ushairi wa sauti, pumzi, milio, mtu anasoma huku skrini haina kitu: kwamba hiyo sio sinema bali ni redio tu, mmezima taa. Mi naona hoja ina uzito, ila inaishia njiani.

Wanaopinga wana pa kusimamia. Sinema imezaliwa bubu na ikakaa karibu miaka 30 inasimulia kwa picha, kwahiyo mtu akiuliza ukitoa picha kinabaki nini ana haki. Na mfano anao, Walter Ruttmann, mtengeneza filamu wa Ujerumani, mwaka 1930 huko Berlin alitengeneza Weekend, dakika kama 11, akarekodi kelele za kazini na vipande vya watu wakiongea kwenye mkanda wa filamu kabisa, akaukata na kuuunga vile vile wanavyoediti picha, lakini picha hamna hata moja na ikarushwa redioni. Mkanda wa filamu, uungaji wa filamu, ila msikilizaji alikuwa na redio tu. Hapo nawapa ushindi.

Sasa njoo Ufaransa. Mshairi Isidore Isou mwaka 1951 alipeleka kwenye tamasha la filamu la Cannes filamu yenye kwaya ya watu wanaotoa milio isiyo na maneno, picha zake kazikwaruza, nyingine kaokota kwenye mikanda ya watu wengine, na alishasema wazi kwamba sauti na picha zisifuatane, kila moja iende na njia yake. Mwaka uliofuata Guy Debord, kijana wa kundi lake, akatoa yake haina picha kabisa: watu wakiongea skrini nyeupe, wakinyamaza skrini nyeusi, na dakika 24 za mwisho ni giza na kimya. Hapa ndo redio inaposhindwa. Fikiria umekaa humo ndani, sauti inaanza na ukumbi mzima unawaka, unaona visogo vya waliokaa mbele, unaona uso wa jirani yako, halafu sauti inakata na wote mnapotea. Sauti ndo inawasha na kuzima taa! Hiyo ni kazi ya projekta na ya watu waliokaa pamoja, huwezi kuipata kwenye spika ya chumbani. Tatizo langu na Debord ni jingine, zile sauti zinasomwa kikavu makusudi, hazina mwili. Gil Wolman, mshairi mwingine wa kundi hilo, mwaka huohuo 1952 alionyesha filamu ya duara jeupe linalowaka na kuzima juu ya puto kubwa, na ushairi wake ulikuwa wa pumzi na koo, na wakaguzi wa filamu wa Ufaransa wakaifungia filamu hiyo. Filamu haionyeshi mtu wala kitu na bado imefungiwa, kwangu hilo linasema mengi kuhusu nguvu ya sauti kuliko nadharia yoyote.

Lakini kazi inayonifanya nisikubaliane na wapinzani ni Blue ya Derek Jarman, mwongozaji wa Uingereza, 1993. Dakika 79 za rangi ya bluu, haibadiliki, na sauti za watu wanne, yake ikiwemo. Jarman alikuwa na UKIMWI na macho yanaondoka, anaongelea matone ya dawa, kusubiri hospitali, marafiki waliokufa, na wewe muda wote unakodolea bluu mpaka macho yako yenyewe yanaanza kukuchezea, unaona madoa, unaona kama inatikisika. Pale picha haijakosekana, picha ndo habari yenyewe. Uingereza waliirusha kwenye televisheni ya Channel 4 na redio ya BBC Radio 3 kwa pamoja, na aliyeisikiliza redioni alipata maneno mazuri sana lakini macho yake hayakupewa kazi yoyote.

Nazozikataa mimi ni zile za kati, mtu kapiga mawingu na mawimbi kwa mwendo wa polepole halafu anasoma shairi juu yake. Picha inaremba maneno na maneno yanaremba picha, hakuna linalomsumbua mwenzake. Bora skrini tupu.

Halafu kuna sabtaito, hili watu hawaligusi kabisa. Ukiweka maandishi meupe juu ya ile bluu jicho linapata kazi na sikio linaenda kupumzika, yani umeua filamu ili ieleweke. Ushairi wa sauti hauna shida hiyo maana hamna cha kutafsiri, Ursonate, shairi refu la milio tupu la msanii Mjerumani Kurt Schwitters, inamfikia kila mtu sawa kwasababu haina lugha ya mtu yeyote, ila nayo ikienda muda mrefu sikio linachoka kutafuta maana. Kwa zile zenye maneno ningependa matamasha yagawe maandishi yote kwenye karatasi kabla ya kuanza, watu wasome taa zikiwa zinawaka, kisha filamu iende bila neno lolote kwenye skrini.