Viporo vya Kazi na Orodha Isiyosema Lini

Orodha nyingi za kazi ninazoziona kwenye meza za watu, zile za vikaratasi vya njano vilivyobandikwa pembeni mwa kompyuta, ni majina matupu. Bima. Fensi. Shangazi. Ripoti. Mwenyewe anajua alimaanisha nini, lakini muulize hiyo fensi inaanza lini, atacheka tu. Na ni huyo huyo anayelalamika kwamba usiku usingizi hauji, kichwa kimejaa. Viporo kila mtu anavyo. Ninachogombana nacho mimi ni orodha isiyosema lini.

Habari hii ina historia yake. Miaka ya 1920 pale Chuo Kikuu cha Berlin, mwanasaikolojia Kurt Lewin alikuwa na wanafunzi waliopenda kukaa naye mkahawani wakijadiliana. Inasimuliwa kwamba siku moja waliona mhudumu anakumbuka oda za wateja wasiolipa bado, bila kuandika popote, ila wakishalipa tu, zinamtoka kabisa. Aliyewahi kukopa dukani kwa mangi hashangai: nusu kilo yako ya sukari anaikumbuka hadi siku uliyoichukua, lakini ukishafutwa kwenye daftari, hakukumbuki tena.

Mmoja wa wanafunzi hao, Bluma Zeigarnik, mzaliwa wa Lithuania, aliamua kulipima jambo hilo. Aliwapa watu kazi ndogondogo: kutunga shanga, kufinyanga vinyago, kupiga hesabu, kufumbua mafumbo. Nusu ya kazi akaziacha ziishe, nusu akazikatiza katikati. Baadaye akawauliza wanakumbuka zipi. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1927, zile zilizokatizwa zilikumbukwa karibu mara mbili ya zilizokamilika.

Wahamasishaji wetu wengi huishia hapo, wakakuuzia na daftari. Hawasemi kwamba watafiti wengine waliporudia jaribio hilo, mara nyingi hawakupata matokeo kama hayo. Mimi namwamini zaidi mwenzake, Maria Ovsiankina, ambaye mwaka 1928 alionyesha kitu kingine: mkatize mtu kazi, kisha mwache peke yake, atairudia mwenyewe bila kutumwa wala kuahidiwa chochote. Hilo hata nyumbani unaliona. Mnyang'anye mtu chemsha bongo ya gazeti ikiwa imebaki neno moja, uone kama hataifuata.

Sasa orodha inaingia wapi? Mwaka 2011, Wamarekani wawili, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walitoa utafiti ninaoupenda kuliko zote hizi. Watu waliokumbushwa malengo ambayo hawajayatimiza walishindwa kutulia hata wakipewa hadithi wasome. Mawazo yaliwarudisha kulekule. Lakini waliopewa nafasi ya kupanga watafanya nini, wapi na lini, walitulia. Kazi yenyewe ilikuwa haijaguswa! Wahenga walisema mipango si matumizi, na kwa upande wa mfuko ni kweli kabisa. Kichwa kumbe hakina masharti hayo.

Mwaka 2018 kukaja utafiti wa Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas. Vijana 57 walilala maabara usiku mmoja; kabla ya kuzima taa waliandika kwa dakika tano, wengine mambo waliyokwisha kuyafanya, wengine mambo yanayowasubiri siku zijazo. Walioandika yanayowasubiri walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika tisa hivi. Dakika tisa si miujiza, sawa. Kilichonivutia ni kwamba katika kundi hilo, aliyeandika kwa undani zaidi ndiye aliyelala haraka zaidi. "Bima" haikutoshi. "Kesho saa nne, nikitoka benki, nipite kulipia bima ya gari" inatosha.

Lakini nafuu hiyo hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Kama kichwa kinatulia kwa mpango tu, basi mtu anaweza kupanga kila Jumapili jioni, akajisikia vizuri, akalala, na Jumapili ijayo akapanga yale yale. Tunawajua. Ndiyo maana kazi niliyoihamisha mara kadhaa kutoka wiki hadi wiki huwa naifuta. Kujifunza Kifaransa, kwa mfano, kumefutwa.

Halafu kuna viporo ambavyo si vyako peke yako, na kwetu ndivyo vingi. Fundi kasema kesho. Saini inamsubiri bosi aliye safarini. Kiwanja kinamngoja mpimaji. Ukiandika "fensi" umejibebesha kazi ya fundi, na kila ukiitazama unachoka bure. Mimi huandika sehemu yangu tu: "Ijumaa saa tatu, kumpigia fundi; asipopokea, nimtafute yule wa pili." Nikishapiga simu nafuta mstari, hata kama hakuna tofali lililosogea. Jirani yangu anasema huko ni kujidanganya. Huenda, ila yeye fensi yake bado imeandikwa "fensi", na fundi wake hana habari.