Sijahamia bima ya private na sihamii

Nimepiga simu kwa daktari wa ngozi hapa Ujerumani, hata sijamaliza kujieleza dada wa mapokezi ananikatisha, bima yako ya umma au ya private? Ya umma. Basi akanipa tarehe ambayo mpaka ifike huu upele utakuwa umeshapona wenyewe au umeshakuwa mwenyeji wangu. Mfanyakazi mwenzangu ana private, daktari huyohuyo, kaonwa wiki hiyohiyo. Nimekasirika, sifichi. Nikaenda kulia kwenye grupu la familia nako ndo nikachokozwa vizuri: we si unalipwa euro, hamia private, unabana nini?

Sasa nawaelewa mnapotokea. Bongo mwenye uwezo anakimbilia private, serikalini unaenda kwa rufaa au kwa kuishiwa. Foleni, dawa za kwenda kununua nje, sina haja ya kuwahadithia nyie. Kwa hiyo mtu akisikia nimefunguliwa mlango wa private nikabaki umma anaona nimechanganyikiwa na baridi.

Huku hesabu ni nyingine. Kwanza hauingii tu, ukiwa umeajiriwa lazima mshahara uvuke kiwango fulani, mwaka 2025 kilikuwa euro 73,800 kabla ya makato, chini ya hapo huna ubishi unakaa umma (waliojiajiri wao ruksa). Ukivuka tu mawakala wanakunusa, sijui namba wanatoa wapi. Yule aliyenipigia alikuwa na maneno matamu kama mshenga: chumba cha peke yako ukilazwa, unatibiwa na profesa mwenyewe, meno, miwani, na eti nitalipa pungufu ya ninavyokatwa sasa. Na hasemi uongo! Umma wanakata asilimia 14.6 ya mshahara na juu yake kila mfuko wa bima unaongeza asilimia zake kidogo, mnagawana nusu na mwajiri, lakini ukiangalia salary slip bado inauma. Private hawana habari na mshahara wako, wanaangalia umri na afya yako siku unayoingia, kijana, mzima, huna familia, bei chee.

Nikamuuliza, mke akija? Analipa yake. Watoto? Kila mmoja ya kwake. Nikizeeka? Itapanda panda kidogo. Na nikitaka kurudi umma? Hapo kikohozi kikamshika. Maana kurudi si kwa kutaka, mpaka kipato kishuke chini ya kile kiwango, na ukishafika miaka 55 mlango ndo karibu umefungwa kabisa. Yaani unaamua ukiwa na thelathini na kitu jambo litakalokulipisha ukiwa mstaafu. Wakati umma, watoto na mwenza asiye na kipato wanaingia kwa mchango wangu uleule bila kuongeza hata senti.

Na bado fomu yao ya maswali, mgongo uliuma lini, uliwahi kwenda kwa daktari wa akili, unatumia dawa gani. Ukificha wakagundua wana haki ya kuvunja mkataba, ukisema kweli bei inapanda au wanakukataa kistaarabu kwa barua.

Kuna mtu ameshaanza kuandika, "kaishi ulaya siku mbili anatufundisha bima". Kaka, tulia, maana kuna sehemu nyumbani tumewapiga hawa bao. Kadi ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya wa Tanzania, ya mwajiriwa inabeba mwenza na wategemezi wanne, na humo unaweka baba, mama, hata wakwe. Nilipomwambia jamaa wa ofisini kwamba mama mkwe anaweza kukaa kwenye bima yako alidhani namtania. Kwao familia kwenye bima ni mke, mume na watoto, basi. Mimi mama yangu hakuna bima ya huku itakayomgusa, ya umma wala ya profesa, yupo kwenye kadi ya mdogo wangu mwalimu na tunamshukuru Mungu.

Ila sasa, kuwa na kadi na kadi kupokelewa ni habari mbili, Machi 2024 hospitali binafsi zilipogoma kupokea kadi za NHIF wote mlikuwepo. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka waliyoisitisha 2023, sitaki hata kuianza, nitaharibu siku. Sheria ya bima kwa wote tumepitisha 2023, Wajerumani walianza kubishana haya mambo tangu 1883 enzi za kansela wao Bismarck, kwa hiyo sisemi tukimbie kama wao, nasema tu tusiambiane kwamba dawa ya kila kitu ni private.

"Kama umma huko kuzuri hivyo mbona unalia na upele?" Nalia kwa sababu unawasha! Kwani mtu akisifia nyumba haruhusiwi kusema bati linavuja? Daktari wa kawaida wa mtaani naonwa bila shida, dawa ya cheti nachangia kati ya euro 5 na 10, nikilazwa ni euro 10 kwa siku na mwisho siku 28 kwa mwaka. Wa private yeye bili inamfuata nyumbani kwa jina lake, mara nyingi analipa kwanza halafu anaanza kuidai kampuni. Na sijasikia huku maiti imeshikiliwa mpaka ndugu wachange.

Mnaokuja, zile bima za bei poa za wageni za mtandaoni zisomeni vizuri, nyingi zina mwisho wa miaka 5 na ugonjwa uliokuja nao hawautaki. Wanafunzi ndo muwe makini zaidi, ukijitoa umma mwanzo wa chuo ndo umejitoa mpaka umalize, usije kunipigia simu mwaka wa pili.

Mwenye mshahara mnene, hana mpango wa watoto na anajua kuweka akiba ya uzeeni achukue private yake, simzuii, na profesa amsalimie. Mimi mke na watoto wanatua mwezi wa nane na wote nawaandika kwenye mfuko huuhuu mnaoucheka.