Jina liliitwa mara tatu, mzee hakusikia

Nilikuwa kwenye benchi la zahanati nikisubiri kupimwa presha. Kando yangu aliketi mzee aliyefika kabla yangu, mikono juu ya mkongojo, macho mlangoni. Muuguzi akachungulia dirishani akaita jina. Kimya. Akaita tena, na mara ya tatu, kisha akalishusha faili chini kabisa ya rundo. Nilipomgusa mzee bega kumuuliza anaitwaje ndipo nikajua aliyeitwa ni yeye. Tukaenda dirishani tukajibiwa, "Mzee, tumekuita hukuitika. Subiri zamu yako." Alitoka pale saa nane mchana.

Muuguzi simlaumu sana. Alikuwa peke yake na umati ule. Ila tangu siku hiyo siamini tena kwamba huduma za wazee zitapangwa vizuri bila wazee kuwepo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyebuni utaratibu wa kuita majina dirishani masikio yake yalikuwa mazima, na halikumpitia wazo kwamba kuna mtu atakaa hatua tano kutoka hapo asisikie.

Ndiyo maana nawasihi wastaafu wenzangu tulivalie njuga jambo hili. Kati yetu wamo waliokuwa wahasibu, wauguzi, makarani, walimu. Aliyesoma vitabu vya bajeti miaka 30 hakuusahau ujuzi huo siku aliyoagwa kazini.

Wala si sisi wa kwanza. Kule Marekani, mwaka 1947, mwalimu mkuu mstaafu Ethel Percy Andrus alianzisha chama cha walimu wastaafu. Siku hizo mzee kupata bima ya afya ilikuwa shida kubwa, kampuni zilimkwepa. Bibi huyo alihangaika nazo hadi mwaka 1956 alipopata iliyokubali kuwakatia bima walimu wake, na mwaka 1958 akaunda chama cha wastaafu wa kazi zote. Mwaka 1965, baada ya mivutano mirefu ambayo wastaafu wa vyama vya wafanyakazi walikuwa mstari wa mbele, ikapita sheria ya Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Ushindi mkubwa kweli. Lakini sheria hiyohiyo iliacha nje miwani, meno ya bandia na vifaa vya kusaidia kusikia, na hadi leo Medicare ya kawaida hailipii vifaa hivyo vya masikio. Yaani mzee wangu wa kwenye benchi angebaki palepale.

Hapo ndipo ninapoona tunajikwaa. Wastaafu tukikutana, mazungumzo ni pensheni, na yakiisha ni pensheni tena. Pensheni ni haki yetu na inapocheleweshwa watu wanalala njaa, nalijua hilo. Lakini fedha iliyo mfukoni mwangu haiwezi kuweka mahali pa kushika kwenye ngazi za hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wazee. Mengi ya hayo yanazuilika: macho yapimwe mapema, mazoezi ya kuimarisha miguu yawepo karibu na watu, dawa anazomeza mzee zipitiwe upya maana nyingine humtia kizunguzungu. Hayo yanataka mpango wa umma na fungu lake.

Nawasikia wanaosema kwamba tunawapunguzia vijana mgawo wao. Siikubali hoja hiyo hata kidogo. Ngazi zikiwekewa mteremko, mama mwenye kichanga anapita hapohapo. Namba zikionekana dirishani, kijana kiziwi naye anahudumiwa. Na mstaafu anayejimudu hamlazimishi binti yake kuomba ruhusa kazini kila wiki ili amsindikize kliniki.

Sisi tulianza watu saba. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa zahanati, yenye ombi moja tu: kila mgonjwa apewe namba kwenye kipande cha kadibodi, na asipoitika, mtu atoke aangalie kwenye benchi kabla faili halijashushwa. Malalamiko mengine tulikuwa nayo tele, tukayaweka kando kwa makusudi. Miezi miwili baadaye namba zikaanza kutolewa.

Sasa tunataka kila anayefikisha miaka 60 apimwe masikio bila malipo. Safari hii tumeomba kuingia kwenye kikao cha bajeti kabla mahesabu hayajafungwa, maana tukichelewa tutaambiwa fungu limekwisha. Barua ya ombi hilo imeandikwa na yule mzee wa kwenye benchi. Kumbe alikuwa karani maisha yake yote ya kazi. Aliandika kwa mkono, kurasa mbili, na hatukupata hata neno moja la kusahihisha.