Wali wa kubeba usifunikwe haraka

Hongera mwandishi kwa kutuonyesha genge la mama lishe pale Mwanjelwa, Mbeya, wateja wanasubiri chakula cha kubeba huku wakicheka na kupeana "ugonile", salamu ya Kinyakyusa. Furaha ile ni ya kweli, ila ina ufundi wake nyuma. Wali wa Kyela ukifunikwa ukitoka tu jikoni, mvuke unageuka maji chini ya kifuniko na wali unakuwa bwabwa. Uchambuliwe kwa mwiko, upumue dakika mbili tatu, ndipo ufungwe. Mchuzi kando. Kachumbari kando pia, kwenye wali wa moto inanyauka na kutoa maji.

Na maharage! Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Maharage yasipolowekwa usiku kucha yanakula mkaa na bado kiini kigumu. Nyanya ziingie yakishaiva. Asidi yake hukaza ganda.

Wanaokuja na hotipoti zao nawapenda sana. Zisuuzwe kwa maji ya moto kabla ya kupakua, maana kwa baridi ya Juni hotipoti yenyewe ndiyo inayopoza wali.